Deki Imebonyea Chini ya Mlingoti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Boti Ndogo za Matanga

Haya ni maswali yanayokuja kila upepo ukigeuka na watu wakaanza kukaza nyaya zinazoshikilia mlingoti, halafu mtu anagundua kitu hakiko sawa. Mengi yanahusu boti za fibaglasi za futi 20 mpaka 30 ambazo mlingoti wake umesimama juu ya deki (sakafu ya nje, ya juu), yaani haupiti mpaka chini kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti. Zipo nyingi tu Kilifi, Mtwapa, Tanga na Msasani, na karibu zote ni za zamani. Wenye mashua za mbao msiondoke, swali lenu lipo huko chini.

Mlingoti wangu umekaa juu ya deki. Kwani chini yake kuna nini?

Watu wengi wanaamini deki ndo inabeba mlingoti. Haibebi, inapokea tu na kupitisha. Deki yenyewe ni ngozi mbili nyembamba za fibaglasi na katikati kuna kiini, mara nyingi balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi, basi. Mzigo unashuka hivi: mguu wa mlingoti, kitako cha alumini kilichofungwa kwa bolti, deki na kiini chake, boriti au kipande cha mbao kilichofichwa chini ya deki, halafu nguzo au ukuta wa ndani (kawaida ule wenye mlango wa choo), halafu sakafu, ngama (uvungu wa boti, maji yanapokusanyika), na mwisho mkuku.

Sasa shida ni kwamba kimoja kati ya hivyo kikishuka, dalili unaiona juu, kwenye deki, maana ndo sehemu unayoikanyaga kila siku, lakini mwenye kosa anaweza kuwa yuko chini kabisa ngamani mahali ambapo hujawahi kufungua toka ununue boti. Kwa hiyo usiguse grenda mpaka ujue ni kipi kimeshuka. Nimeshaona deki zimekatwa, zikawekwa kiini kipya, zikapakwa rangi nzuri, halafu msimu uliofuata bonde lilelile limerudi kwa sababu mbao iliyooza ilikuwa chini ya nguzo, sio juu yake.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Mlingoti wangu tunaubeba watu wawili tu.

Uzito wa mlingoti sio hoja. Kinachousukuma chini ni nyaya. Chukua waya wa chuma cha pua wa nyuzi 19 wenye unene wa mm 5, huo unakatika kwenye takriban tani 2. Nyaya za pembeni kawaida zinakazwa mpaka kama asilimia 15 ya nguvu ya kukatikia, kwa hiyo kila waya unavuta kama kilo 300. Hesabu nyaya 8 kuzunguka boti, zile za chini ukizilegeza kidogo, unapata karibu tani 2 zinazogandamiza kitako kidogo tu cha alumini, na hapo boti imetia nanga, hakuna upepo, unakunywa chai. Boti ya futi 25 kama Catalina 25 nzima nzima ina uzito wa takriban tani 2. Yaani ni kama umeisimamisha boti nyingine juu ya deki yako. Ukitoka nje kusi ikavuma vizuri, mzigo unapanda tena.

Dalili za mwanzo ni zipi?

Ya kwanza kabisa ni mlango. Mlango wa choo au wa kabati lililo karibu na mlingoti unaanza kukwama juu, hasa ukiwa umetoka kukaza nyaya. Kuna boti moja Mtwapa mwenyewe aliita seremala akaupiga randa ule mlango, ukafunga vizuri, baada ya miezi ukakwama tena akaupiga randa tena, mpaka ukingo wa juu ukabaki mwembamba unaona mwanga unapita kona moja na kona nyingine imebana. Mlango haukuwa na kosa, fremu ndo ilikuwa inashuka na deki.

Ya pili ni nyaya ambazo hazikai kwenye kipimo. Unakaza leo, baada ya safari chache zile za upande usio na upepo zinaning'inia tena. Waya mpya hurefuka kidogo mwanzoni, hilo ni la kawaida, lakini waya wa miaka mitano hauna sababu ya kuendelea kurefuka, kwa hiyo kama sio waya basi ni mlingoti unaozama.

Nyingine: bonde kuzunguka kitako ambalo maji ya mvua yanasimama, fibaglasi iliyobanduka pale ukuta wa ndani unapokutana na ubavu wa boti au na dari, mstari wa kahawia unaotiririka kwenye nguzo kutoka kwenye bolti, na milio. Boti inayolia krii krii kila ikipanda wimbi, sauti inatoka katikati sio kwenye usukani, isikilize.

Gelikoti (lile tabaka gumu la juu la fibaglasi) ina nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka kwenye bolti za kitako. Ndo imeharibika?

Sio lazima. Gelikoti ni ngumu na haipindi, kwa hiyo inapasuka mahali popote penye mkazo, na boti ya miaka arobaini bila ufa hata mmoja ningeitilia shaka zaidi, pengine imepakwa rangi juzi. Angalia sura ya nyufa. Zile chache zinazotoka kwenye tundu la bolti mara nyingi ni fundi aliyekaza kupita kiasi. Zikiwa zinazunguka kitako chote kwa duara, ina maana deki inapinda kwenda chini pale katikati, hapo endelea na vipimo. Zikiwa kwenye kona pale nyumba ya juu inapokutana na njia ya pembeni, usawa wa mlingoti, kushoto na kulia, hapo ukuta wa ndani unaweza kuwa ndo umeshuka.

Napimaje mwenyewe bila vifaa vya bei?

Unahitaji rula ndefu iliyonyooka, ile ya alumini ya mafundi ujenzi inafaa sana, tepu, uzi, penseli, kipande cha kadi nyembamba au kile kisahani cha kupimia nafasi cha mafundi magari, tochi, na subira. Fanya boti ikiwa imetulia, na nyaya ziwe zimekazwa kama kawaida yako.

Anza juu. Laza rula kwa upana wa deki, mbele tu ya kitako, halafu nyuma yake. Deki karibu zote zimejengwa na mgongo, yaani katikati panainuka kidogo ili maji yatiririke. Kama rula inakaa pembeni pande zote mbili na katikati chini ya rula unaona mwanga, basi mgongo umegeuka bonde. Pima hilo bonde kwa milimita, andika. Linganisha na sehemu nyingine ya deki hiyohiyo, futi tatu mbele, ambako hakuna mzigo.

Shuka ndani. Nenda kwenye kichwa cha nguzo, pale inapogusa dari au boriti. Jaribu kuingiza ile kadi. Nyaya zimekazwa, tani zinashuka hapo, kadi haitakiwi kuingia hata kidogo. Ikiingia, nguzo haibebi kitu, imesimama pambo, na mzigo wote umehamia kwenye ukuta au kwenye deki yenyewe. Maana yake mara nyingi ni kwamba chini ya nguzo pamezama, au mwenye boti wa zamani alikata nguzo fupi akajaza silikoni juu (ndio, wapo).

Kama kadi haiingii na deki imeshuka, bado kuna njia mbili, ama kiini cha deki kimebonyea kati ya kitako na nguzo, ama nguzo nzima imeshuka pamoja na deki. Kuzitofautisha, pima unene wa deki pale kwenye mlingoti, kwa kupitia tundu la bolti au tundu la waya za umeme, halafu pima unene mahali pengine penye tundu, mfano kwenye kishikio. Kama kwenye mlingoti ni pembamba kuliko kwingine, kiini kimesagika. Unene ukilingana, basi deki ni nzima na kilichoshuka kiko chini. Angalia tu isiwe kiwanda kiliweka fibaglasi tupu hapo bila kiini, baadhi walifanya hivyo, na hapo unene ni tofauti toka siku ya kwanza.

Mwisho, pima kutoka dari mpaka sehemu imara ngamani, weka alama ya penseli, andika namba. Sasa legeza nyaya, nusu mzunguko nusu mzunguko, kushoto na kulia kwa zamu ili mlingoti usipinde, mpaka zilegee bila mlingoti kuyumba. Pima tena palepale. Deki ikipanda milimita moja hivi ni unyumbufu wa kawaida, boti zote zinapumua. Ikipanda nyingi, kuna kitu laini kinabinywa na kuachiwa. Isipopanda kabisa na bonde lipo palepale, basi imeshakaa hivyo, mbao imekufa au imesagika na haina nguvu ya kurudi.

Nikigonga deki nasikiliza nini?

Tumia mpini wa plastiki wa bisibisi, sio nyundo ya misumari. Anzia mbali ambako unajua ni pazima, gonga polepole ukielekea kwenye kitako. Pazima panalia kavu na juu, ko ko ko, mpini unarudi mkononi. Paliooza au palipobanduka panalia bu bu, na mpini unakufa pale ulipogusa. Chora mstari kwa penseli pale sauti inapobadilika, ukimaliza kuzunguka utakuwa na ramani, na mara nyingi ramani inakwenda mbali kuliko bonde lenyewe kwa sababu maji yanatembea ndani ya kiini.

Kuna mtego mmoja: moja kwa moja chini ya kitako sauti huwa ngumu hata kama kiini kimeoza, maana chini kuna boriti. Ukisikia ko ko katikati na bu bu pembeni kuzunguka, usishangilie.

Kipima unyevu kinasaidia?

Kinasaidia ukikitumia kulinganisha tu. Namba yenyewe isikutishe. Kinadanganywa na bolti, na bamba la alumini lililozikwa, na chumvi iliyokauka juu ya deki, na mvua ya jana. Osha deki kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke siku kadhaa za jua, kisha pima. Kwenye masika hata usijisumbue.

Naogopa kutoboa. Lazima?

Vipimo vyote vilivyotangulia vinakwambia wapi, tundu ndo linakwambia nini. Toboa kutokea ndani kwenda juu, keekee (ncha ya kutobolea) ya mm 5, na ufunge tepu ya rangi kwenye keekee kuonyesha kina cha kuishia ili usitokeze juu ya deki. Ngozi ya ndani ikishapita, punguza kasi na weka kiganja chini upokee unga.

Fibaglasi inatoka kwanza, nyeupe, inawasha. Halafu kiini. Balsa kavu inatoka unga mwepesi rangi ya krimu, ukipuliza unaruka. Iliyolowa inang'ang'ania kwenye keekee, rangi ya kahawia, ukiifinya kwa vidole inatoa maji. Iliyooza kabisa haitoki kama unga, inatoka kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, nyeusi, na harufu yake utaijua. Wakati mwingine keekee inapenya ghafla bila upinzani na maji yanatiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko, hapo hakuna tena swali la kuuliza.

Toboa matundu matatu manne kwa kufuata ile ramani ya penseli, kuanzia panapolia vizuri. Yale yanayotoka makavu yazibe siku hiyohiyo kwa epoksi nzito, yaliyotoka na maji yaache wazi yachuruzike mpaka siku ya matengenezo.

Kwa nini inaoza? Nilidhani maji ya chumvi yanahifadhi mbao.

Ni kweli kuvu wanaoozesha mbao hawapendi sana chumvi. Lakini kinachoingia kwenye deki ni maji ya mvua. Yanapita kwenye bolti za kitako, kwenye tundu la waya za taa, kwenye puli za kamba zilizofungwa karibu na mlingoti, yanakaa humo gizani kwenye joto la pwani. Kiwanda kilitoboa kiini cha balsa, kikapaka gundi kidogo ya kuzuia maji, kikafunga bolti. Gundi ile inazeeka na hakuna anayeibadilisha.

Ongeza na kutu ya metali mbili kukutana: kitako cha alumini na bolti za chuma cha pua kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa, unaona unga mweupe umejaa kwenye matundu, tundu linapanuka, maji yanaingia zaidi.

Nguzo yangu ni nzima kabisa, imenyooka, haina ufa. Basi niko salama?

Umeangalia inakanyaga nini? Nguzo nyingi haziishii kwenye mkuku, zinaishia kwenye sakafu ya fibaglasi nyembamba, na chini yake ngamani kuna kipande cha mbao kilichofunikwa fibaglasi. Maji ya ngama yanalala juu yake mwaka mzima, ufa mmoja tu kwenye ule mfuniko na mbao inaanza kunywa. Catalina 30 inajulikana kwa hilo, na zilijengwa zaidi ya 6,000 kwa hiyo hadithi zake ni nyingi.

Inua sakafu yote inayoinuka. Isipoinuka, kata dirisha dogo la kuchungulia mahali ambapo utaweka kifuniko baadaye, au pitisha ile kamera ndogo ya bomba inayochomekwa kwenye simu, zinauzwa bei rahisi siku hizi. Choma mbao kwa bisibisi yenye ncha. Ikiingia bila kusukuma sana umeshapata jibu. Nguzo ikiwa ya chuma, kwangua rangi sentimita tano za mwisho, kutu huanzia hapo na rangi huficha.

Boti yangu haina nguzo, ina boriti ya mbao tu chini ya deki.

Mfano mzuri ni Alberg 30, iliyochorwa na Carl Alberg na kuanza kujengwa Kanada na Whitby Boat Works mwaka 1962. Pale mlingoti umekaa juu ya boriti ya mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, inavuka mlango, inakaa kwenye kuta za ndani kushoto na kulia. Njia ya kupita kwenda mbele iko wazi, ni nzuri kwa abiria, ila boriti inabeba katikati bila mguu.

Hapo vuta uzi chini ya boriti kutoka ncha hadi ncha, upime kama tumbo limeshuka. Halafu angalia kwa tochi tabaka zake, zikiachana utaona mstari mweusi unaofuata gundi, na ufa unaoanzia upande wa chini katikati ndo mbaya zaidi, maana huko ndiko boriti inavutwa. Ncha zake pia, pale zinapolala ukutani, ukuta wa plaiwudi huoza kwa chini na boriti nzima inashuka ikiwa nzima.

Naweza kuendelea kusafiri huku nikisubiri pesa?

Inategemea umekuta nini. Bonde la milimita chache ambalo halijabadilika mwaka mzima na nguzo inabeba, legeza nyaya kidogo, punguza tanga mapema, baki ndani ya kriki. Lakini kama namba inaongezeka, au ukuta umebanduka, au kadi inaingia kwenye kichwa cha nguzo, acha. Mlingoti uliokaa juu ya deki unashikiliwa na nyaya tu, kitako kikizama ghafla nyaya zote zinalegea kwa pamoja na mlingoti unakwenda baharini. Na usimpandishe mtu juu ya mlingoti wa boti hiyo hata kubadilisha balbu.

Kukaza nyaya ili "kuziba" ulegevu ni kuongeza mzigo kwenye kidonda. Watu wanafanya hivyo kila siku.

Kuna mtu kaniambia nitoboe matundu mengi nipige epoksi kwa sindano, inagandisha mbao iliyooza.

Kwenye kona ya deki isiyo na mzigo, kiini kikiwa kimebanduka tu na ni kikavu, sawa. Chini ya mlingoti, hapana. Epoksi haiingii kwenye mbao iliyojaa maji, inajaza mapengo tu na kuyafungia maji ndani. Utapata deki inayolia ko ko ukiigonga na bado inazama.

Kiini kipya kiwe cha nini?

Chini ya kitako usirudishe balsa. Weka kitu kisichobinyika: bamba la fibaglasi nzito, au tabaka za fibaglasi na epoksi zilizojengwa mpaka unene wa zamani, au plaiwudi halisi ya baharini ya kiwango cha BS 1088 iliyopakwa epoksi pande zote pamoja na kingo. Plaiwudi ya dukani ya kupiga dari usiiamini hata ikiandikwa nini. Chemsha kipande kwenye sufuria kwa saa kadhaa, ikiachana tabaka unajua umeuziwa nini.

Tumia epoksi, resini ya kawaida ya poliesta haishiki vizuri kwenye fibaglasi ya zamani. Kwa joto letu chukua kigandishi cha taratibu na changanya kidogo kidogo, kopo lililojaa linachemka na kutoa moshi kabla hujafika kwenye deki. Ngozi ya juu ukiirudisha, kingo zisagwe kwa mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wake, ili kiungo kipya kishike. Matundu ya bolti yatobolewe makubwa kwanza, yajazwe epoksi nzito, yakikauka ndo utoboe saizi ya bolti, hapo maji yakipita yatakutana na epoksi sio mbao.

Ngamani, chini ya nguzo, mvule au mtiki vinafaa kama umepaka vizuri, ila mtiki una mafuta, ufute kwa asetoni kabla ya gundi. Mimi binafsi ningeweka fibaglasi tupu na kuachana na mbao huko chini.

Deki iliyoshuka naiinuaje?

Jeki ya gari ya chupa na boriti ya mbao, baada ya nyaya kulegezwa kabisa na ikiwezekana mlingoti umeshushwa. Weka mbao pana chini na juu ili jeki isitoboe. Inua milimita moja mbili, iache ilale usiku, kesho ongeza. Ukisikia mlio wa kupasuka simama. Wala usiilazimishe irudi asilimia mia, deki iliyokaa imebonyea miaka ishirini haina haja ya kuwa nzuri, inahitaji kuwa imara tu.

Usiondoe nguzo mlingoti ukiwa umesimama. Hata kwa dakika mbili, hata kama "imelegea tu yenyewe".

Huku hakuna kreni. Mlingoti nashushaje?

Tumia gati na maji. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita tatu hadi nne, kwa hiyo maji yakitoka boti iliyofungwa gatini inakaa chini na watu walio juu ya gati wanafika katikati ya mlingoti. Kamba ifungwe juu ya kitovu cha uzito ili mguu ubaki mzito, watu wanne waliotulia na mmoja tu anayetoa amri. Vinginevyo milingoti mifupi miwili iliyofungwa pembetatu juu ya deki na puli, wavuvi wanaelewa haraka kuliko maelezo yangu.

Mlingoti wangu unapita mpaka kwenye mkuku. Hayanihusu?

Deki yako haina mzigo huo, kweli. Ila mguu wa mlingoti unakaa kwenye ngama, maji ya mvua yanashuka ndani yake, na kama tundu la kutolea maji chini limeziba mguu wa alumini unaliwa kutoka ndani huku nje unaonekana unang'aa. Gonga sentimita kumi za mwisho, na pitisha waya kwenye tundu la maji. Angalia pia kipande ambacho mguu huo unakanyaga, kikiwa cha mbao kichome bisibisi, kikiwa cha chuma tafuta kutu inayovimba na kuachana tabaka.

Na sisi wa mashua za mbao?

Huko mlingoti unapita kwenye boriti ya juu na mguu wake umekaa chini kwenye gogo lililochongwa tundu, juu ya mkuku na mataruma (mbavu za mbao za mashua). Uzuri ni kwamba kila kitu kiko wazi, huhitaji kamera. Ng'oa mlingoti, toa uchafu kwenye tundu, angalia kama limepanuka au kama mguu unacheza. Choma kisu kuzunguka gogo na kwenye taruma la mbele na la nyuma yake. Mbao nyeusi kuzunguka misumari ya chuma ina maana kutu imekula mbao na msumari haushiki tena. Mashua ikivuja karibu na mlingoti kila ikibeba upepo, na ukishusha tanga inaacha, usikimbilie kalafati peke yake, gogo linacheza na kufungua mbao za chini. Mafundi wa Matondoni au Nungwi watakupigia kelele kwa kuchelewa lakini watakutengenezea.

Naenda kuangalia boti ya kununua na nina nusu saa tu.

Funga na fungua milango yote ya ndani, uangalie kingo za juu kama zimepigwa randa. Rula kwenye deki, au hata uzi. Kadi kwenye kichwa cha nguzo. Sakafu, inua, tochi, bisibisi. Tikisa nyaya za pembeni kwa mkono, zikiwa legelege muulize kwa nini, maana mwenye boti anayejua tatizo huziacha legevu makusudi. Rangi mpya kwenye deki kuzunguka mlingoti pekee, na kwingine ya zamani, nayo ni taarifa. Mwisho ikiwa boti iko nchi kavu tazama mbele ya kiungo cha mkuku, ufa ulioachama hapo unaweza kuwa bolti za mkuku au mbao iliyooza ndani ya kisiki chake (ile sehemu ya boti mkuku unapofungwa), na ni mbao hiyohiyo nguzo inayoitegemea.

Nikishatengeneza najuaje imekaa?

Rudia vipimo vyako na namba mpya. Kwa nyaya, kuna njia ya rula: waya ukiwa umenyooka bila mvuto, weka alama mbili zenye mita 2 kati yake, kisha kaza, kila milimita 1 unayoongeza kwenye waya wa nyuzi 19 ni asilimia 5 ya nguvu ya kukatikia. Milimita 3 zinatosha. Pima tena baada ya wiki ya kwanza ya kusafiri na baada ya mwezi. Ule mlango wa choo nao uache wazi kidogo, ujaribu kuufunga boti ikiwa imelala upande mmoja na upepo.

Bima inalipa?

Mlingoti ukianguka kwa dhoruba, pengine. Kuoza taratibu kwa kawaida kumeondolewa kwenye bima nyingi za boti, na savea wao, yaani mkaguzi wa boti, atatoboa tundu lilelile ulilokuwa unaogopa kutoboa. Soma kifungu cha uchakavu kabla hujapiga simu.